Onyo Ambalo Msusi Hakupewa

Binti huyu alikuwa msusi katika saluni ya shangazi yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Ila uso ulimjaa chunusi, naye alichoka kufundishwa dawa na kila kichwa alichokisuka.

Daktari wa kliniki moja ya binafsi alimwandikia vidonge vikali. Baada ya miezi miwili uso ukawa laini. Mama yake, fundi cherehani, alifurahi. Lakini usingizi ulimpaa binti, chakula kilimshinda, na kazini alisuka kimya. Mama alidhani ni mambo ya mapenzi.

Shangazi hakudhani. Alifunga saluni mchana kweupe, akaketi naye, akamuuliza.

"Shangazi," binti alisema, "siku hizi natamani nisiamke."

Shangazi hakumkemea, wala hakumwambia ajikaze. Saa ile ile alimpeleka hospitali, pakiti ya vidonge mkononi. Daktari wa huko alisimamisha dawa, akampatia mshauri wa afya ya akili. Alieleza kwamba dawa ile imewasaidia wengi, ila baadhi ya watu wameingiwa na huzuni kali walipoitumia. Ndiyo maana mgonjwa huonywa na kufuatiliwa. Binti hakuwa ameonywa.

Alipopata nafuu, walikwenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Mwanasheria aliomba pakiti, cheti cha dawa na kadi ya kliniki. Vyote vilikuwepo, shangazi si mtu wa kutupa karatasi. Mwanasheria aliwasifu pia kwa kuwahi, maana madai yana muda wake.

"Hatukishtaki kidonge," alisema. "Tunauliza nani alipaswa kukuonya, na mbona alinyamaza."

Kliniki ilikubali kugharimia matibabu, kwa sharti binti asimwambie mtu. Mama alimsihi asaini, yaishe. Binti aliiweka kalamu chini.

"Mama, mimi nilikuwa na shangazi. Asiye na shangazi je?"

Mama alimgeukia wifi yake amsaidie. Shangazi alikataa kwa kichwa.

Ilichukua miezi mingine mitano. Kliniki iliomba radhi, ikagharimia matibabu, na sharti likaondolewa. Sasa kila anayepewa vidonge vile huja na mtu wake wa karibu. Wote wawili husomewa onyo, na nesi huwapigia simu kila wiki.

Mama alikwenda kujionea. Alimkuta nesi akimwita bwana mmoja aliyebaki mlangoni, mkewe ameshaingia.

"Ingia nawe, baba. Haya yanakuhusu."