Namba Zilizorudi Palepale

Tiki. Swichi ya birika iliruka gizani, kabla hakujapambazuka. Karani wa madai alijimiminia chai bila kuwasha taa, asije akamwamsha binti yake wa miaka mitano, kisha akapapasa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi jana.

Blauzi haikuimaliza hata asubuhi. Saa mbili, kwenye korido ya kliniki ya moyo iliyojaa wagonjwa, mwanamume mrefu aliyekumbatia kompyuta aligeuka ghafla, na kahawa yake ikamwagikia kifua cha karani.

"Samahani, dada. Nitakufulia."

"Hapahapa koridoni?"

"Kama una nyingine ya kubadili."

Karani akacheka kabla hajakumbuka kukasirika.

Mwanamume huyo alikuwa fundi mpya wa vifaa vya moyo, mwenye mkataba wa miezi miwili. Wagonjwa wenye moyo dhaifu walipandikizwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, waya wake ukafika kwenye mshipa wa shingoni kuusisimua. Fundi aliongeza au kupunguza nguvu yake kwa kompyuta. Karani aliandika madai kwa bima: kukisoma kifaa kulikuwa na malipo yake, kukipanga, yaani kuibadili nguvu hiyo, kulilipwa zaidi.

Mwezi haukuisha wakawa wanakula pamoja mchana, na jioni simu.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Mbona unaongea?"

"Naota. Usiniamshe, laazizi."

Hata binti alishamzoea fundi, kwa sababu alijua kurekebisha baiskeli.

Ndipo, wiki ya mwisho ya mkataba, karani akakuta mafaili tisa. Kwenye kila moja fundi aliandika "nimepanga", lakini namba za nguvu ya kifaa, za kuanzia na za kumalizia, zilifanana kabisa. Hakumuuliza, aliogopa sauti ile ingemlainisha. Akalikata neno hilo, akaandika "kusoma tu", akayapeleka mafaili kwa mkuu wa kliniki.

Kesho yake mkataba mpya ambao fundi alikuwa apewe ukasimamishwa. Ijumaa angefungasha virago. Simu ikalia.

"Umeniona mwizi, ukashindwa hata kuniuliza?"

"Namba ziko wazi."

"Ziko wazi, mpenzi, ila hukuwepo zikiandikwa."

Fundi akakata simu.

Alhamisi bibi mmoja mgonjwa, aliyekuja peke yake, alimsimamisha karani mlangoni pa chumba cha fundi.

"Mwanangu, ingia unishike mkono. Naogopa."

Wakaingia. Fundi alimsalimia karani kama mgeni, akaweka kidude chenye waya wa kompyuta kifuani mwa bibi, akapandisha nguvu.

"Unasikiaje, bibi?"

"Shingo inanivuta." Bibi akakohoa.

Akashusha. Akapima presha, haikumridhisha. Akabadilisha kasi, akasubiri, akapima tena. Bibi akalalamika kizunguzungu. Fundi hakuharakisha. Dakika arobaini zilipita, karani mkono umemfa ganzi, na mwishowe fundi akairudisha ile nguvu ya mwanzo.

"Hapa ndipo panapokufaa, bibi. Sasa nina hakika."

Karatasi ikatoka kwenye mashine. Namba za kuanzia na za kumalizia zilifanana. Karani aliiangalia muda mrefu.

"Huwa hivi kila mara?"

"Si kila mara," fundi alisema, akikunja waya. "Mara tisa. Leo ya kumi."

Karani alirudi mezani akafungua mwongozo wa bima, safari hii mpaka ukurasa wa tatu. Ulisema kubadilisha na kupima ni kupanga, hata kama mipangilio itarudishwa ilipokuwa. Alikuwa ameishia wa kwanza. Akaandika barua: kosa ni langu, sikuuliza, fundi alifanya kazi yote aliyoiandika. Akaweka sahihi yake kubwa, bila kujua kama kazi yake itabaki, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu.

Ijumaa fundi alisaini mkataba mpya. Simu haikulia.

Jumamosi alasiri mlango ukagongwa. Fundi alisimama na shati la kijani, kola imenyooka.

"Mkuu amenionyesha barua yako."

"Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa."

"Bado una hasira?"

"Kidogo. Nikikuangalia inapungua, ndiyo maana jana sikuja. Nilitaka nikasirike vizuri."

Karani akacheka, macho yamemlowa. "Siku nyingine nitauliza kwanza."

"Basi leo ninauliza mimi. Utakubali nikuoe?"

"Mimi nakubali," alisema bila kusita. "Lakini humu ndani tuko wawili."

Akampisha, kisha akaketi kochini kando ya binti yake. Binti, aliyekuwa akipaka rangi picha, alimtazama fundi kuanzia viatu mpaka nywele. Kisha akasogeza penseli zake zote upande mmoja.

"Kaa hapa karibu na mama."