Kamera ya Shangazi na Kata ya Maji Matamu

Kila jioni, baba yake, Mzee Shaabani, aliporudi kuvua kamba, kazi ya Muzdalifa ilikuwa kuiogesha mashine ya boti. Ndivyo walivyosema kwao Salale, kuiogesha. Baba aliifungua mashine, akaibeba begani hadi uani, naye Muzdalifa akaimwagia maji matamu, kata baada ya kata, mpaka chumvi yote iishe. Maji hayo yaliletwa kwa mtumbwi ndani ya madumu, na mama hakupenda hata tone limwagike ovyo. Lakini mashine haikunyimwa. Baba alizoea kusema kwamba chumvi haina rafiki, ukiilaza mashine nayo usiku mmoja unaamka na chuma chakavu.

Muzdalifa, aliyekuwa darasa la sita, aliyashika maneno hayo kama alivyoshika sura fupi za Kurani za chuoni. Hakuna aliyemwambia kwamba yalihusu mashine ya boti tu.

Katika nyumba hiyohiyo aliishi Shangazi Mwajabu, dada wa baba, ambaye alikuwa mpiga picha. Ukisikia harusi Kiongoroni au mahafali Kibiti, basi Shangazi yupo, kamera shingoni. Alikuwa ameinunua mpya baada ya kulima mpunga misimu mingi, na aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Watu wa nyumbani walimtania kwamba siku nyumba ikiwaka moto ataokoa kamera kwanza, ndugu baadaye. Naye hakukana.

Alhamisi moja Shangazi alirudi kutoka Kiongoroni, na njiani mawimbi yalikuwa yamewarushia maji. Matone ya chumvi yalikuwa yamekaukia kwenye lenzi, yakaacha madoa meupe. Kabla hajaisafisha akaitwa kwa jirani aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua. Akaiweka kamera mezani, akasema isiguswe, atakuja kuisafisha mwenyewe. Muzdalifa alisikia vizuri kabisa, lakini alitamani sana kusifiwa.

Alianza na ncha ya khanga. Madoa hayakutoka, ila alisikia kitu kikikwaruza, kama mchanga kwenye sufuria. Ndipo alipoikumbuka mashine ya baba. Akateka kata moja mtungini, akaimwagia kamera mbele na nyuma, taratibu, kwa ustadi wake wote. Madoa yakaondoka. Akaifuta, akaiweka kivulini ikauke, kisha akabonyeza kitufe ili aone kazi yake. Kioo cha nyuma kikawaka, kikapepesa, kikazima. Akabonyeza tena. Hakikuwaka.

Akaikung'uta, na tone moja la maji likadondoka kutoka penye betri, likamwangukia mguuni. Akairudisha mezani vilevile ilivyokuwa, akakimbilia jikoni kumenya mihogo ambayo hakuna aliyemtuma kuimenya.

Shangazi aliporudi na kuikuta kamera haiwaki, uso ulimbadilika. Aliuliza kama kuna aliyeigusa. Muzdalifa akatikisa kichwa. Akaulizwa tena, kwa upole, na safari hii akajibu kwa mdomo kwamba hapana.

"Basi ni ugonjwa wa kiwandani," alisema Shangazi. Akaitoa kadi ya dhamana kwenye boksi, akaisoma, akashusha pumzi. Mwaka wa dhamana ulikuwa haujaisha. Duka la Kibiti alikoinunua litamtengenezea bure, na Jumapili atapiga picha za harusi ya binti wa Mzee Sufiani kama alivyoahidi. Akamwambia Muzdalifa ajiandae, kesho shule imefungwa, amsindikize na kushika mkoba.

Usiku ule alikiacha chakula sahanini. Muzdalifa alijua kitu kimoja ambacho Shangazi hakukijua, na kila alipotaka kukisema, alijitafutia kazi nyingine. Alimwogopa Shangazi, akamwogopa baba, na zaidi aliogopa macho ya watu wote siku watakapojua kwamba ameua kamera na akadanganya juu yake.

Asubuhi walipanda boti, mkoba wa kamera ukiwa mapajani mwa Muzdalifa. Kila walipokaribia kona ya mto alijiambia, tukifika pale nitasema. Kona ikapita, akachagua nyingine. Mikoko ikaisha, boti ikafika bandarini, wakapanda bodaboda hadi Kibiti, naye bado hajasema neno. Mkoba ulimwelemea kama dumu la maji.

Fundi wa duka, kijana aitwaye Hemedy, alikaa nyuma ya meza yenye taa. Alisoma ile kadi, kisha akaeleza mambo kwa utaratibu. Dhamana hulipia kosa la kiwanda. Hailipii maji wala chumvi, hailipii kamera iliyoanguka, hailipii lenzi iliyokwaruzwa kwa kufutwa vibaya, wala kamera iliyofunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni.

"Kwa hiyo nakuuliza, dada yangu. Imeingia maji?"

"Matone ya boti juu ya kioo, hayo siyafichi," alijibu Shangazi. "Ndani haijaingia hata tone. Kama unataka niape, naapa."

Muzdalifa aliukumbatia mkoba mtupu. Shangazi hakuwa mtu wa kuapa ovyo, nyumbani walilijua hilo. Sasa alikuwa tayari kulitaja jina la Mungu juu ya jambo la uongo, na uongo wenyewe haukuwa wake. Hemedy akasema kiapo hakihitajiki. Akachukua betri yenye chaji ili aipachike, ajaribu kuiwasha.

"Usiiwashe, kaka." Sauti ya Muzdalifa ilitoka nyembamba, mwenyewe akashangaa kuisikia. "Ina maji. Niliiogesha. Kama mashine ya baba."

Hemedy akaiweka betri chini. Muzdalifa akaeleza yote huku machozi yakimtiririka: khanga, kata, lile tone lililodondoka, na jinsi alivyoulizwa mara mbili akakana. Shangazi aliikunja kadi ya dhamana, akaisukuma kando. Muzdalifa aliona heri angempiga kofi.

Hemedy alisema kwamba umeme wa betri ile ungekutana na maji ndani na kuunguza kila kitu. Mtoto ameiokoa dakika ya mwisho.

"Ameiokoa?" alisema Shangazi. "Amekaribia kuniapisha uongo."

Fundi hakubishana naye. Alieleza kwamba hata wangenyamaza na kuipeleka kwa kampuni Dar es Salaam, wangeifungua, wangeona alama za maji, wangeirudisha ilivyo. Sasa dhamana haina msaada, ila akiifungua na kuikausha leo huenda ikapona. Shangazi akamwambia aifungue.

Walikaa kwenye benchi mpaka alasiri. Muzdalifa hakuthubutu kuinua macho, kila chombo kilipogonga meza alishtuka. Hatimaye Hemedy akawaita. Kamera ilikuwa imewaka. Ila kwenye lenzi palikuwa na mstari mwembamba, kazi ya chumvi na khanga, ambao hautatoka kamwe.

Kisha akawaonyesha namna ya kusafisha. Kwanza puliza vumbi kwa mpira wa kupulizia. Halafu pitisha brashi laini. Mwisho tia tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa chake, si kwenye kioo, ufute kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda pembeni. Kamera haimwagiwi maji.

Nje ya duka Shangazi alisimama. "Kosa la maji nimelisamehe, ulifuata ulichofundishwa nyumbani, ingawa nilikukataza kugusa. Lakini jana ulipokana, maji yalikuwa ndiyo kwanza yameingia humo ndani, nami nikakuamini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, wakati dawa ingali inafaa."

"Nimekoma, Shangazi."

"Hujakoma, umeanza kujifunza. Jumapili unakuja harusini. Msafishaji wa lenzi ni wewe."

Jumapili, nyumbani kwa Mzee Sufiani, Muzdalifa alipuliza, akapitisha brashi, akafuta kwa kuzungusha. Kioo kiling'aa, isipokuwa penye ule mstari. Akamwambia Shangazi bila kuulizwa kwamba umebaki palepale.

"Uache ubaki," alisema Shangazi, akiivaa kamera shingoni. "Kila ukiuona, utakumbuka kusema mapema."