Disketi ya Mazishi na Kitabu cha Cucu Ciakuthii

Kila Jumamosi Wambura alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, kisha akarudi sebuleni kufunua kompyuta. Ilifunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, sawa na redio na viti. Pale Runyenjes kitu cha thamani hakikai uchi. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Shemeji yake aliileta kutoka Nairobi ofisi yao iliponunua mpya. Ikiwashwa ilinguruma kama kinu cha posho, lakini ilifanya kazi.

Wambura alifundisha gumbaru, yaani darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Mwaka huo wa 1998 wanafunzi wake walikuwa wamejua kusoma na kuandika. Kila mmoja aliandika hadithi ya maisha yake kwa penseli, na Wambura akazipiga chapa zote. Zikawa kitabu kimoja ndani ya kompyuta. Karatasi zenyewe? Kina mama walizichukua nyumbani, na nyingi zilishatumika kuwashia moto wa chai.

Mwanafunzi mkubwa kuliko wote alikuwa nyanya mmoja, Cucu Ciakuthii. Alikuwa amepita miaka sabini. Kila darasa aliuliza swali lile lile.

"Mwalimu, kitabu kimefika wapi?"

"Kiko karibu, Cucu. Jumatatu nakipeleka Embu kwa mpiga chapa."

"Usichelewe. Mimi si msichana."

Basi Jumamosi hiyo, siku mbili kabla ya safari, Wambura alifungua kitabu ili asahihishe makosa ya mwisho. Kompyuta ikakataa kuhifadhi. Alijaribu tena, ikakataa tena. Akakumbuka disketi ya kukagua virusi aliyoachiwa na jirani yake Nkirote. Akaiingiza upesi, hata kitabu hakukifunga. Mashine ikanguruma, ikanguruma, halafu maneno mekundu yakajaa kwenye skrini. Yalikuwa ya Kiingereza. Wambura aliona neno moja tu: imeambukizwa. Kando yake palikuwa na jina la kitabu chake. Akashika kichwa.

Njuki, mumewe na baba wa mtoto wao Mwenda, aliingia na jembe begani. "Kuna nini? Mbona umeshika kichwa?"

"Kitabu cha kina Cucu kimeingiwa na virusi."

Njuki aliweka jembe chini. Yeye ni mtu wa vitendo, akiona tatizo anataka liishe kabla hajaketi. "Basi futa kila kitu," alisema. "Karani mmoja aliniambia kompyuta ikiugua inafutwa yote, inaanza upya. Ng'ombe mwenye ugonjwa mbaya utamwacha zizini? Ni kitufe gani?"

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya mashine.

"Baba Mwenda, toa mkono hapo!" Wambura alisema kwa sauti ambayo Njuki alikuwa hajaisikia tangu siku mbuzi walipokula maharagwe. "Humo kuna maisha ya watu ishirini. Hakifutwi kitu nikiwa hai. Usiguse. Namwita Nkirote."

Nkirote alikuwa mwenyeji wa Mikinduri, huko Meru, lakini alipanga nyumba jirani na hapo. Siku za kazi alitengeneza kompyuta mjini Embu. Wambura alimkuta akifua, naye akaja na povu kwenye viwiko.

"Kwanza niambie," Njuki alimuuliza kabla hajaketi, "hivi virusi vinaweza kuingia kwa watoto? Nimewafukuza wote nje."

Nkirote alicheka. "Warudishe, Baba Mwenda. Hivi si vya homa. Ni programu ndogo, imeandikwa na mtu mwenye nia mbaya. Kazi yake ni kujinakili kutoka faili moja hadi nyingine, na kuharibu kazi yako. Mtu hawezi kuugua." Akamgeukia Wambura. "Mwalimu, hayo matokeo yanasemaje?"

"Yanasema kitabu kimeambukizwa."

"Hayo ni ya juu. Na chini?"

Wambura alirudisha macho kwenye skrini. Hakuwa amesoma chini. Aibu ilimshika, kwa maana hilo ndilo kosa alilowakemea wanafunzi wake mwaka mzima. Cucu Ciakuthii alikuwa na tabia ya kuona herufi mbili za kwanza na kubahatisha neno. Wambura alimwambia kila siku: usikisie, soma mstari mpaka mwisho. Leo yeye mwenyewe aliona neno moja akabahatisha yaliyobaki. Akavuta kiti, akasoma polepole.

"Faili zilizoambukizwa, tisa. Zilizosafishwa, saba. Zilizoshindikana kusafishwa, mbili."

"Umeona?" Nkirote alisema. "Kuambukizwa maana yake virusi vimeonekana. Si kwamba kazi imekufa. Kusafishwa maana yake virusi vimetolewa na kazi yako imebaki. Hizo saba zimepona. Wakati mwingine utaona neno 'inashukiwa'. Hapo programu haina hakika, kwa hiyo hufuti, unauliza kwanza."

"Lakini kitabu kiko kwenye zile mbili zilizoshindikana," Wambura alisema, kidole kwenye skrini.

"Soma sababu. Imeandikwa hapo kando."

Wambura akainama. "Faili inatumika."

"Haya basi! Ulikuwa umekifungua kitabu wakati wa kukagua. Utamwoshaje mtoto na nguo zote mwilini? Kifunge kwanza."

Wambura alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akakunja mikono ya sweta. "Nionyeshe, lakini nifanye mwenyewe. Wewe Jumatatu utakuwa kazini, na mimi nitabaki na hii mashine."

Alikifunga kitabu. Nkirote akamwambia atoe nakala kwenye disketi mpya, hata kama kina virusi. Usafishaji ukienda vibaya, bado watakuwa na pa kuanzia. Wambura aliibandika karatasi, akaandika CHAFU kwa herufi kubwa, akaiweka juu ya kabati, mbali na nyingine.

Kisha Nkirote aliishika ile disketi ya kukagua. "Nimeiwekea orodha mpya ya virusi wiki hii. Virusi vipya hutokea kila mara, na programu yenye orodha ya zamani haivijui. Sasa hakikisha hiki kidude cha pembeni bado kimesukumwa na tundu liko wazi. Hapo kompyuta itaisoma disketi lakini haiwezi kuandika kitu ndani. Virusi havina pa kuingilia."

"Halafu?"

"Zima kompyuta kabisa, usiiwashe tu upya. Virusi vingine hujificha kwenye kumbukumbu mashine ikiwa inafanya kazi. Ingiza disketi hii, ndipo uwashe. Itaanza kwa disketi safi."

Wambura alifanya hivyo hatua kwa hatua. Njuki alisimama nyuma yake, ameshikilia kofia. Kinu kikanguruma. Matokeo yakatokea. Wambura aliyasoma kwa sauti, kutoka juu mpaka chini. Kitabu kilikuwa kimesafishwa. Faili moja tu ilishindikana.

"Hiyo ni nini?" Nkirote aliuliza.

"Mchezo wa karata. Mwenda aliunakili zamani kutoka kwa rafiki."

"Mnauhitaji?"

"Hata kidogo," Njuki aliwahi kujibu. Yeye ndiye aliyekuwa akiucheza.

"Basi huo ufute. Kitu kisichosafishika na huna haja nacho, kitoe. Ila ingekuwa faili ya kompyuta yenyewe, usingegusa kabla ya kuuliza."

Wambura aliufuta, akakagua upya. Safari hii hakuna kilichoonekana. Akafungua kitabu. Hadithi zote zilikuwepo, na ya Cucu Ciakuthii ilikuwa ukurasa wa kwanza. Akabadilisha neno moja, akahifadhi, na mashine ikakubali. Wambura alifurahi hadi akapiga meza.

"Hatujamaliza," Nkirote alisema. "Vilipitia wapi? Tukiacha mlango wazi vitarudi kesho. Leteni disketi zote."

Walizikagua moja moja. Zote za nyumbani zilikuwa safi.

"Ni disketi gani ya nje iliingia humu karibuni?"

Wambura na Njuki walitazamana. Wote wawili walijua.

Ukoo wao ulikuwa na disketi moja ya mazishi, nayo ilikuwa imepita kwao majuzi. Ndani yake mlikuwa na ratiba za ibada na wasifu wa marehemu. Msiba ukitokea, nyumba yenye kompyuta iliipokea, ikafungua ratiba ya zamani, ikabadilisha majina. Disketi ilizunguka hivyo kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyewahi kuikagua. Nani angethubutu? Ilionekana kama kumkagua marehemu mfukoni.

Na mchana huo huo, mbwa alibweka. Mzee Gichovi, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliingia na disketi ikiwa ndani ya bahasha.

"Mama Mwenda, tuna msiba kule juu. Tutengenezee ratiba."

Njuki alimnong'oneza mkewe. "Usimwambie kitu. Utamwaibisha mzee."

"Jumatatu nina kitabu," Wambura alinong'ona. "Nitamwambia, tena kwa heshima."

Nduma za kuchemsha zilikuwa tayari. Njuki alileta jagi na beseni, akammiminia mgeni maji. Gichovi akanawa mikono. Wambura akaona nafasi yake.

"Pole na msiba, mzee. Umenawa kabla ya kula, na hakuna aliyesema wewe ni mchafu."

"Ni desturi. Nimetoka njiani."

"Na hii disketi imetoka njiani. Imepita nyumba nyingi. Naomba nayo inawe kwanza, kisha nitakuandikia ratiba yote leo."

Gichovi alirudisha nduma sahanini. Akamgeukia Wambura. "Na ikiwa safi?"

"Nitakuomba msamaha mbele ya kamati."

Wambura aliingiza disketi, akaanza na kukagua, bila kufungua chochote. Ratiba zote za ndani zilikuwa zimeambukizwa, kwa virusi vile vile. Akamsomea mzee kila mstari mpaka wa mwisho: zote zilikuwa zimesafishwa.

Gichovi alisukuma sahani kando. "Kwa hiyo nimekuwa nikipeleka ugonjwa kwa wafiwa," alisema. Ilimuuma, na hakuficha. "Zipo nyumba nne zenye kompyuta. Binti wa Meru, utanifuata nikazieleze?"

"Kesho baada ya kanisa," Nkirote alijibu.

Tangu hapo, disketi ya mazishi ilikaguliwa kila ilipoingia nyumba na kila ilipotoka. Wambura naye alikagua kompyuta yake kila Jumamosi, na nakala ya kazi yake aliiweka mahali pengine.

Jumatatu alishuka Embu na kitabu safi. Siku ya sherehe ya gumbaru, ukumbi ulijaa. Cucu Ciakuthii alisimama mbele na kitabu mkononi, akaanza kusoma hadithi yake. Kwenye mstari wa tatu alikwama. Wambura akainuka kumsaidia.

Cucu aliinua kidole, bila kutoa macho kwenye ukurasa.

"Kaa chini, Mwalimu. Sikisii. Nafika mwisho mwenyewe."

Na akafika.