Jino Kwenye Dhahabu

Fundi saa alikuwa keshashika kufuli, giza linaanza kuingia, mwanamke mmoja akapita ubavuni mwake akaingia dukani. Hata hodi hakupiga. Mtandio ulimfunika hadi puani.

"Nimeleta sarafu," alinong'ona. "Nitazamie thamani yake."

"Dada yangu, mimi ni wa saa. Sarafu tumeshaachana."

"Lakini kitabu unacho."

Kweli alikuwa nacho. Kitabu cha bei za sarafu za dhahabu, alikifungia kwenye droo ya chini tangu amzike mkewe, miezi miwili sasa. Hakumwambia mtu. Akakitoa.

Sarafu ikatua juu ya kioo.

Tik.

Udongo mbichi ulikuwa umeganda ukingoni. Na harufu ile... dawa ya wodini.

Fundi akabana lenzi jichoni. Akaigeuza.

Alama ya jino.

Yalaa! Sarafu ile aliachiwa na babu yake. Siku ya harusi alimpa mkewe, naye bila haya akaing'ata mbele za wakwe: "Ngoja nihakikishe! Mume akiwa feki, basi dhahabu isiwe!" Watu wakavunjika mbavu. Miaka saba baadaye mkewe akalazwa, akatakiwa apasuliwe, fundi akaizungusha sarafu kwa wanunuzi. Wote walimpa bei ya chini, ingawa ilitosha kumlipa daktari. Bei ya kitabuni, walimweleza, ni ya sarafu isiyo na doa. Hii imeng'atwa.

Doa! Jino la mke wangu ndilo doa? Hasira zikampanda, akagoma kuuza. Kila jioni akimwambia mgonjwa, "Vumilia, mama. Kitabu kipya kinatoka mwakani. Bei itapanda."

Mwaka haukuisha. Sarafu akamfumbatisha mwenyewe mkononi, wakamfukia nayo.

"Umeitoa wapi?" aliuliza sasa.

Mwanamke akamsogezea kitabu.

"Dada, nakuuliza. Umeitoa wapi?"

"Soma bei."

Fundi akafungua kitabu, akakifunga. Machozi yalikuwa yanamtoka kama mtoto. "Nauza," akasema. "Bei yoyote! Hata ile ya yule mnunuzi mzee aliyenicheka. Mwambie mke wangu nauza leo hii, jamani, mwambie..."

Mwanamke akaiokota sarafu. Akaipenyeza chini ya mtandio.

Akaing'ata.

Fundi aliijua sauti ile. Aliisikia mara moja tu maishani, siku ya harusi yake.

"Amesema usihangaike," mwanamke alinong'ona. "Hana haraka. Anasubiri kitabu kipya."

Akatoka. Fundi akaruka kaunta, akamfuata mbio hadi barazani. Njia tupu. Jirani yake mshona viatu alikuwa palepale, anakusanya nyundo zake.

"Kapita wapi yule mwanamke?"

"Mwanamke gani, fundi? Nimekaa hapa tangu alasiri. Nimekusikia unalia peke yako, nikaona nikuache."

Asubuhi alikwenda kaburini. Udongo haukuguswa, hata maua aliyoyaweka yalikuwa yamenyaukia mahali pake. Lakini dukani, juu ya kioo, vumbi jekundu lilikuwa limebaki, duara dogo la ukubwa wa sarafu. Hajalifuta.

Kitabu kipya kilitoka mwezi wa kwanza. Fundi alikuwa wa kwanza kukinunua. Kila jioni anakiweka kwenye kioo, anauacha mlango wazi, anakaa. Kukifungua hajakifungua mpaka leo. Anaogopa asije akakuta bei imepanda kweli.