Jiwe la Kwenye Karai

Kisilu alikuwa amejifunga taulo la mkewe, lile la maua ya waridi, amepiga magoti katikati ya sebule huku makalio yameelekea mlangoni, pale mama mkwe wake alipoingia bila kubisha.

Kwa Mkamba huo si mkosi, ni msiba. Mama mkwe hapewi hata mkono. Mnazungumza mkitazama pembeni, na likiwepo pazia kati yenu ndiyo heri zaidi. Mama Nthoki akajifunika uso kwa leso. Kisilu akaruka nyuma ya pazia lililogawanya chumba chao cha mtaa wa Jericho, Nairobi, taulo likanasa kwenye msumari wa kiti na kubaki huko huko.

"Karibu, mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliye uchi.

"Nimekaribia, Baba Koki. Sijaona kitu."

"Asante, mama."

"Na nilichoona nimemwachia Mungu."

Suruali yake ilikuwa nje kwenye kamba. Mkewe Ndanu alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Mtoto wao Koki alikuwa shule ya bweni. Basi Kisilu, dereva wa lori aliyeizoea barabara ya Mombasa kuliko njia ya kwenda msalani, akaketi kitandani akajifunga blanketi na kuanza kuomba Ndanu arudi.

Yote hayo kwa sababu ya samaki.

Tajiri wake wa zamani alipohama Nairobi alimwachia sanduku la kioo na samaki wawili wa baharini, wenye mistari kama pajama. Majirani walikuja kuwatazama kama sinema. Kisilu akaringa. Kila safari ya Mombasa alirudi na mitungi ya maji ya chumvi, na safari ya mwisho akaona sanduku linahitaji pambo. Kwenye pwani moja tulivu akakuta pango dogo, na mbele yake kidimbwi. Palikuwa na vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye miamba na chupa tupu za marashi. Watu hawa hawana adabu, akawaza, wanatupa takataka popote. Akaopoa jiwe moja zuri, lenye chunjua na ukungu wa kijani, kwa glavu zake nene za kushikia turubai. Lilikuwa linateleza. Akalitumbukiza kwenye mtungi aliokuwa ameukata mdomo.

Siku ya pili nyumbani, samaki mmoja hakuonekana.

"Paka wa jirani, Teresiah," alisema Ndanu.

Siku ya nne, wa pili. Na sanduku lilikuwa na kifuniko, juu yake Biblia kubwa ya familia.

Halafu kulikuwa na jiwe lenyewe. Asubuhi lilikuwa kulia. Jioni, kushoto.

Na ile harufu... Udi. Ndani ya nyumba ya Wakristo ambao hawajawahi kuchoma kitu zaidi ya mahindi.

Jana yake, jua likizama, mwanamke mrefu wa buibui alisimama mlangoni. Upindo wa buibui lake ulikuwa unachuruzika maji, na Jericho haikuwa imepata mvua kwa wiki tatu.

"Umebeba cha watu," alinong'ona.

"Mama, mimi nabeba simenti tu," Kisilu akamjibu, akacheka peke yake. Alipomaliza kucheka, mlango ulikuwa mtupu.

Ndiyo maana leo alikuwa ameamua kulisafisha sanduku, asafiri kesho na jiwe akalitupe. Alikuwa amelihamishia kwenye karai, na maji yake ya chumvi, hapo sakafuni...

Karai.

Nyuma ya pazia alisikia kiatu kikivuliwa. Kisha cha pili. Mama Nthoki alikuwa ametoka Machakos tangu mchana, visigino vimejaa vumbi, na ni nani asiyejua kwamba mgeni wa heshima hutengewa karai la maji aoshe miguu? Tena mkwe huyu, pamoja na makalio yake, alikuwa amekumbuka hadi jiwe la kusugulia.

"Umefanya vizuri, Baba Koki," akasema kwa upole.

"Nimefanya nini, mama?"

Maji yakalia, chubwi.

Halafu ukatoka ukelele ambao Kisilu hakujua kifua cha mwanadamu kinaweza kuubeba. Akasahau mila, akasahau pazia. Alitoka na blanketi lake. Mama Nthoki alikuwa ameanguka chali, ameushika mguu kwa mikono miwili, na katikati ya wayo kulikuwa na matundu matatu, bluu, yanavimba mbele ya macho ya Kisilu kama andazi kwenye mafuta.

Ndani ya karai, jiwe lilikuwa limesimamisha miiba mgongoni.

Na lilikuwa limefungua macho.

"Nakufa," mama alisema. Hakusema kwa kilio. Alisema kama mtu anayetoa habari.

Kisilu akasimama pale, mikono hewani. Kumgusa mguu mama mkwe! Mila yote ya ukoo ilimkalia mabegani. Midomo ya mama ikaanza kuwa ya kijivu.

Udi ukajaa chumba.

"Maji ya moto," ilisema sauti mlangoni, taratibu. "Tia mkono wako kwanza, usimbabue. Kisha umshike mguu."

"Siwezi kumshika. Ni mkwe..."

"Basi mzike."

Akamshika. Sufuria ya maji ya chai ilikuwa jikoni inachemka. Akayamimina maji kwenye beseni, akayapooza, akajaribu kwa mkono, akautumbukiza mguu wa mama Nthoki na kuukumbatia, machozi yakimtoka, akimwomba radhi kwa kila pumzi. Polepole vidole vya mama, vilivyokuwa vimemkaba Kisilu shingo, vikalegea. Akamwita Teresiah kwa kelele. Teresiah akaita teksi. Kisilu alipoinua macho, mlangoni palikuwa na dimbwi dogo la maji.

Hospitali, daktari alicheka kidogo kabla ya kukasirika.

"Huyo ni samaki, bwana. Hujifanya jiwe, humeza wenziwe, na sumu yake huua. Watu wanafuga vitu hivi nyumbani kama kuku! Maji ya moto ndiyo yamemwokoa. Nani alikufundisha?"

Kisilu akageuka kuutazama mlango.

Walirudi asubuhi, mama akiegemea bega la Ndanu. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kisilu usiku kucha. Karai lilikuwa pale pale, limejaa maji hadi ukingoni.

Hapakuwa na jiwe.

Walitafuta chini ya kitanda, kwenye viatu, hata ndani ya birika. Teresiah alikuja kusaidia, kiatu mkononi tayari.

"Yule mama wa buibui alielekea wapi jana?" Kisilu akamuuliza.

"Mama gani? Tangu saa kumi na moja nilikuwa nje hapa nachambua mchele. Mlango wako niliuona wote. Alipita mkwe wako tu. Halafu nikakusikia unabishana."

"Na nani?"

"Na wewe mwenyewe."

Kisilu akageuka, akasahau hata kutazama pembeni, akachuchumaa mbele ya kiti alipoketi mama Nthoki na mguu wake wenye bendeji juu ya stuli. Kama yeye hakumwona, basi Kisilu alikuwa na kichaa, na kichaa kina dawa.

"Mama, nisamehe. Niambie tu ukweli. Jana, pale mlangoni... ulimwona?"

Mama Nthoki alikuwa akiyatazama maji ya kwenye karai, ambayo hakuna aliyeyagusa, yakitikisika. Akauteremsha mguu kutoka kwenye stuli, akachukua kiatu kimoja, akakitikisa vizuri kabla ya kukivaa.

"Basi la Machakos linaondoka saa ngapi?"