Shamba Lilikauka Nikiwa Edani

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Pemba, na sasa naishi Vickery Meadow, Dallas, na binti yangu Raya. Mchana napanga makatoni katika ghala moja huko Mesquite. Nawaandikia bila machozi, lakini msidhani nimesahau... Machozi yenyewe hayaji.

Kabla ya hapa nilikuwa mkulima. Marehemu mume wangu, Hamadi, aliendesha malori miaka mingi mpaka akanunua shamba nje ya Houston, kwenye eneo la wakulima wa mpunga. Tulilima kisamvu, bamia na mchicha. Kila Ijumaa Hamadi alipakia gari akaja kuuza huku huku ninakoishi leo. Wakongo waliuita mchicha wetu lengalenga, wakaugombania. Yalikuwa maisha ya jasho, lakini nani alitubabaisha?

Shamba lilikuwa na fungu lake la maji katika mfereji wa kampuni ya maji. Bila maji yale lilikuwa vumbi tu. Kanuni aliijua Hamadi: shamba likipitisha msimu mzima bila kuchukua maji, fungu lake linarudi kwa kampuni, na kampuni inaruhusiwa kuliuza mjini. Mimi sikuijua. Mimi nilijua jembe!

Na mji ulikuwa na kiu. Ila mji haununui maji kwa maneno matupu. Lazima aje mhandisi apime udongo, athibitishe mimea inakunywa kiasi gani na kipi hakitumiki. Kazi hiyo hasa ndiyo aliyoifanya shemeji yangu Feisali, mdogo wake Hamadi, katika ofisi moja kubwa kule Plano. Hamadi ndiye aliyemsomesha. Sikukuu za Idi Feisali alikaa nasi kwenye sinia ya pilau, akatueleza jinsi wanavyohamisha maji kutoka mashambani kwenda mijini, na mume wangu akamtazama kama aliyemzaa mwenyewe.

Asubuhi moja Hamadi alianguka akitia udhu. Moyo... Tangu siku ile kuna kitu ndani yangu kilizima, na mpaka leo hakijawaka.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Jirani yetu, Mmarekani mzee anayelima mpunga, alimwambia Raya kwamba yuko tayari kutufungulia lango la maji kila wiki. Nikamtuma Raya amuulize baba yake mdogo. Feisali akanipigia simu mwenyewe.

"Shemeji, wacha shamba lipumzike msimu huu," akaniambia. "Wewe kaa eda yako. Ukitoka tuta-sort kila kitu."

Nikamshukuru! Jirani nikamkatalia. Ningebishana vipi na mtu wa maji, tena damu ya mume wangu?

Mchicha ukanyauka kwanza, bamia zikafuata. Mimi nilikuwa ndani. Siku moja nikasikia nyayo nje ya dirisha, Raya akachungulia.

"Mama, it's Uncle Feisali. Ana-take pictures za udongo."

Nilifurahi. Nikasema huyo ndiye ndugu, anaangalia mali ya kaka yake. Kutoka mbele yake nikiwa edani sikuweza, si maharimu wangu, basi nikakaanga sambusa, Raya akampelekea pamoja na chai. Wala sikuuliza amekuja kwa kazi gani. Kwetu mgeni haulizwi hivyo, sembuse ndugu wa marehemu? Nikamsikia akichimba, akisogea, akichimba tena. Alikula sambusa zote, akarudisha sahani na salamu.

Eda ikaisha, na msimu wa maji ukaisha nayo. Nikaoga, nikaenda moja kwa moja kwenye lango la maji. Nikakuta kufuli ya kampuni. Jirani ndiye aliyetueleza, kofia mkononi: mhandisi amethibitisha kwamba shamba letu halitumii maji, na fungu limeshauzwa mjini. Nikamwambia Raya anitafsirie tena. Akatafsiri tena.

Ofisini kwa kampuni walinipa pole ya msiba, kwa adabu kabisa. Kisha wakanionyesha picha za udongo wetu uliopasuka, na chini yake jina la mhandisi. Jina la ukoo wa mume wangu... jina la binti yangu!

Feisali alikuja nilipomwita. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kochi la kaka yake. Nilimuuliza kama siku ile ya simu alikuwa ameshapewa kazi hii. Akakubali. Akasema kama si yeye angetumwa mwingine, kwamba mjini kuna watoto wanaohitaji maji ya kunywa, kwamba shamba lile lingenishinda tu, mwanamke peke yangu.

"Niliandika nilichokiona, shemeji," akasema.

"Ulijua kwa nini umekiona hivyo."

Hatukusema kingine. Nikamletea maji, akanywa. Hata leo sijui kwa nini nilimletea. Mkono ulikwenda wenyewe.

Tukauza ule udongo, tukahamia huku. Ndugu wananihimiza nisamehe, eti damu nzito kuliko maji. Nawaacha waseme.

Kilichonimaliza ni kingine. Juzijuzi msikitini mjane mwenzangu, muuguzi, alimuuliza sheikh kama anaweza kwenda kazini akiwa edani. Sheikh akamjibu kwamba mwenye haja anaruhusiwa kutoka mchana kutafuta riziki yake, mradi usiku alale nyumbani kwake.

Mchana! Lango la maji lilikuwa pale, nyuma ya jiko langu. Ningetoka, nikafungua, nikarudi ndani kumlilia mume wangu. Lakini sheikh sikumuuliza. Nilimuuliza Feisali.

Nilirudi nyumbani nikapika, nikala. Raya aliniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa.

Wajane wenzangu, kaeni eda zenu, ni haki ya waume zenu. Lakini msiache mtu mmoja awe sheikh wenu, wakili wenu na ndugu yenu kwa wakati mmoja, kama nilivyofanya mimi. Mali aliyoiacha marehemu itazameni kwa macho yenu, hata kwa kuchungulia dirishani. Na akija ndugu kuwaambia mpumzike, mpeni chai, mpeni na sambusa... lakini kabla hajamaliza kula, muulizeni leo ametumwa na nani.