Niko Njiani

"Niko njiani, bosi, nakaribia kabisa!" fundi friji alipayuka kwenye simu katikati ya soko la nguo, huku akijipima shati la bluu.

"Kaka, unakaribia wapi," sauti ikamuuliza, "nawe umenikanyagia kitambaa?"

Akatazama chini. Kiatu chake chenye grisi kilikuwa juu ya hariri ya manjano. Mwenye hariri, mshonaji mwenye mwanya, tepu shingoni, alikuwa akijitahidi asicheke.

"Nitakulipa, dada."

"Lini? Ukishakaribia?"

Wakapendana. Fundi alimwita mshonaji Sindano. Naye fundi aliitwa Mwongo Wangu, na ilikuwa raha kuitwa hivyo. Hata mama wa Sindano, mgonjwa wa pumu aliyeishi na bintiye, alitania: "Mwanangu, huyo mkwe akisema amefika, mfungulie kesho."

Jioni moja ya mvua, kifua kilimbana mama.

"Mpenzi, mama hapumui vizuri. Una gari?"

"Ninalo. Niko njiani, sasa hivi nafika."

Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la rafiki yake, akitazama mpira. Hakukusudia ubaya. Ulimi ulimtangulia, kama kawaida yake. Aliona kipindi kikiisha atatoka mbio.

Jirani akabisha, funguo za gari mkononi. "Niwapeleke?"

"Asante, baba. Mwenzangu yuko njiani."

Jirani akaenda zake kazini, zamu ya usiku. Sindano akapiga tena.

"Niko hapo kwenye kona, mpenzi. Nakata hivi."

Mama alikaa mlangoni, viatu miguuni, mkoba mapajani, macho kwenye ile kona. Hapo hapo akakata roho, kichwa begani kwa bintiye. Taa za pikapu zilipoingia uani, vilio vilikuwa vimeshaanza.

"Sindano..."

"Toka. Na usinipigie tena."

Fundi hakula, hakulala. Siku moja akaingia kanisa dogo nyuma ya karakana yake, akapiga magoti mbele ya mchungaji, mama mmoja mpole.

"Niombee, mama. Uongo umekuwa mate yangu. Umeua mtu."

"Tutaomba, mwanangu. Ila simu yako inaita. Pokea kwanza."

Alikuwa mteja. "Fundi, uko wapi?"

"Niko nji..." Akameza. Mchungaji alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. "Niko kanisani. Sijatoka bado."

Mteja akamporomoshea matusi, akakata. Fundi alilia kwa kwikwi. Kuanzia hapo kila asubuhi aliomba hivyo hivyo: "Bwana, ushike huu ulimi. Mimi umenishinda." Siku nyingine ulimponyoka, akapiga simu tena, akaungama, akakosa kazi.

Miezi ikapita. Jirani akamletea Sindano suruali ya kupunguza.

"Yule fundi wako ana kichaa. Nimemwita kwa ajili ya friji, namuuliza yuko wapi, eti, 'Baba, nimesali, kisha nikalala tena.' Nimemtukana! Lakini saa aliyosema atafika, kafika."

Sindano akajichoma kidole. Jioni akaipiga namba ile aliyokuwa ameifuta simuni lakini si kichwani.

"Uko wapi?"

"Niko nyumbani. Nimekaa chini. Nakuogopa."

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Kwenye kochi. Natazama mpira. Nilipokwambia kwenye kona, hata viatu sikuwa nimevaa."

Sindano alilia mpaka tepu ya shingoni ikalowa. Fundi hakumbembeleza wala hakukata simu.

"Kesho naenda kaburini kwa mama," Sindano akasema mwishowe. "Njoo."

Asubuhi fundi alipiga simu mwenyewe. "Sijatoka bado. Shati halijakauka."

"Basi nakusubiri," akajibu, na kwa mara ya kwanza alijua anasubiri nini.

Wakang'oa magugu bila kusema mengi. Fundi, mikono imejaa udongo, akaongea akitazama chini.

"Sindano, sistahili kuuliza. Utakubali tuoane?"

Sindano akalitazama kaburi. Alitamani kusema ndiyo, lakini ndiyo yenyewe haikuwa imefika moyoni.

"Bado sijakusamehe kabisa," akasema. "Namwomba Mungu anifikishe." Akamfuta udongo shavuni kwa ncha ya kitambaa chake. "Niko njiani."